Pambano linapotea kabla kengele haijalia: mwongozo kwa bondia anayetaka MMA ya kulipwa

Juzi saa tano usiku dogo mmoja ninayemfundisha hapa Temeke kanitumia ujumbe wa sauti, anahema kama katoka mbioni. "Kocha, nimepata pambano! Nje ya nchi! Tiketi wanalipa wao!" Nikamuuliza mambo matatu tu: lini, kilo ngapi, na nani. Siku kumi zijazo. Kilo 61. Mpinzani kapigana mara kumi, kashinda tisa. Dogo mwenyewe asubuhi ile nilimpandisha kwenye mizani, kilo 71 na nusu. Ana mapambano manne ya ngumi za kulipwa na mawili ya ridhaa ya MMA, mchezo unaochanganya ngumi, mateke na mieleka. Nikamwambia asijibu kitu mpaka kukuche. Kanuna.

Mimi nilipiga ngumi miaka sita, halafu nikaingia MMA miaka mitano. Rekodi yangu ya kizimbani, yaani ndani ya ule uzio wa MMA, ni ushindi 3, vipigo 4. Si ya kumtambia mtu. Lakini katika vile vipigo vinne, vitatu nilikuwa nimeshapigwa kabla kengele haijalia: kwenye maandalizi, kwenye mizani, na kwenye karatasi niliyosaini bila kusoma. Hayo ndiyo nitakayoyaeleza hapa. Namna ya kupiga ngumi utafundishwa na kocha wako.

Anzia chini

Bondia anayekuja MMA huwa anadhani anakuja na mtaji, amebakiza kuongeza mateke. Ni kweli mtaji anao, ila nusu yake haifanyi kazi kizimbani. Glavu za ngumi za kulipwa ni aunsi 8 au 10. Za MMA ni aunsi 4, vidole viko nje. Ule ulinzi wa kunyanyua mikono miwili usoni na kujificha nyuma ya glavu, hapa unavuja kila mahali. Na ule mguu wa mbele unaouzamisha chini ili jabu, ngumi ya mkono wa mbele, itoke na uzito, ndio mguu utakaopigwa teke la kigimbi. Mateke matatu ya pale, raundi ya pili unachechemea.

Hayo ni madogo. Kubwa ni sakafu. Pambano langu la kwanza lilikuwa Nairobi. Nilitupa jabu mbili safi, ukumbi ukapiga kelele, nikajiona nimefika. Ya tatu jamaa akazama chini yake, akanipiga mtama, nikaanguka kifudifudi, akapanda mgongoni. Watu wa Dar kabali tunaijua, tunaiita roba ya mbao. Tofauti ni kwamba huyu hakutaka simu wala pochi. Nikagonga kwa kiganja, yaani nikasalimu amri. Dakika moja na sekunde arobaini, na miezi miwili ya mazoezi ikaishia hapo.

Ukitaka mfano mkubwa kuliko mimi, mtazame Francis Ngannou, yule Mkameruni aliyebeba mchanga machimboni utotoni na kufika Paris hana pa kulala. Januari 2018, mjini Boston, alikutana na bingwa Stipe Miocic, Ngannou akiwa ndiye mtu anayeogopwa kuliko wote kwenye uzito wa juu. Miocic hakushindana naye kwa ngumi. Alimbeba, akamlaza, akamchosha raundi zote tano. Ngannou akaenda kujifunza. Machi 2021 wakarudiana, Miocic alipojaribu kumkamata mguu akazuiwa, kisha akalazwa kwa ngumi raundi ya pili. Na Januari 2022, goti likiwa bovu, Ngannou huyohuyo ndiye aliyekuwa akimwangusha Ciryl Gane na kumkalia juu mpaka akashinda kwa pointi. Alibakiza ngumi zake zilezile akaongeza mieleka, basi.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza siku tatu kwa wiki ziwe za chini, na siku hizo glavu ziache nyumbani. Tafuta mtu wa judo, wa mieleka au wa jiu-jitsu ya Kibrazili, ule mchezo wa kukabana chini. Zanzibar kuna judo ya miaka mingi na vijana wake wanajua kurusha watu. Ukiwa na nauli ya boti, wiki mbili za kule zina faida kuliko miezi ya kutazama video. Kama hakuna mkeka, sisi tulianza kwa magodoro manne ya zamani tuliyoyashonea turubai juu. Yalinuka, lakini hakuna aliyevunjika.

Zoezi ninalolipenda ni la kuanza ukiwa umeshaharibikiwa. Mwenzako akae mgongoni kwako, miguu kaifunga kiunoni, mkono mmoja tayari uko shingoni. Kengele. Kidevu ndani. Mikono yako yote miwili ishike mkono mmoja tu, ule unaokaba, uuvute chini. Usihangaike na miguu yake kwanza. Bondia wengi huanza na miguu, wanalala usingizi. Halafu teleza kiuno kushuka, mabega yako yatafute sakafu. Mgongo wako ukishagusa mkeka, yeye hana tena mgongo wa kukalia. Fanyeni hivyo dakika tano, badilishaneni. Ukikabwa, gonga mapema. Mazoezini kugonga hakuingii kwenye rekodi ya mtu, kiwiko kilichong'oka kinaingia.

Ridhaa si kupoteza muda

Vijana hawapendi kusikia hili. Wanataka kulipwa leo. Lakini MMA ya ridhaa, ile iliyo chini ya shirikisho la kimataifa la IMMAF, ni raundi tatu za dakika tatu tatu, unavaa kinga za ugoko, viwiko vya kichwani haviruhusiwi. Unapigana, unakosea, unarudi nyumbani na uso wako. Ukishaingia kulipwa ni raundi za dakika tano, tatu kwa pambano la kawaida na tano kwa ubingwa, na kila matokeo yanaandikwa.

Ndiyo, yanaandikwa. Watu wanaopanga mapambano hawakujui wewe wala mama yako. Wanafungua Tapology au Sherdog, tovuti zinazotunza rekodi za wapiganaji, wanasoma tarakimu. Ukiwa na miaka 20 ukachukua mapambano matatu ya haraka ukapoteza yote, ukifika 27 umeiva, zile tatu bado zipo pale juu zinakungoja. Kwangu mimi kijana apate ridhaa sita hivi, na angalau mbili dhidi ya mtu anayejua kuangusha, ndipo tuzungumze habari za kulipwa. Kwetu mashindano ya ridhaa ni machache, najua. Ndiyo maana promota anampata kijana kirahisi, anamwambia ridhaa ni za watoto. Ukimchunguza utakuta ana bingwa wake anayetafuta mtu wa kumwongezea ushindi.

Na ukishapigana, hakikisha mwenyewe kwamba matokeo yamepelekwa. Ushindi wangu mmoja hauonekani popote kwa sababu mwandaaji hakutuma kitu. Kipigo kilichofuata, cha mwandaaji mwingine, kilionekana siku ileile.

Mizani

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wanapoharibika, wengine ndipo wanapofia.

Uzito wa wanaume unaotumika sehemu nyingi ni huu, kwa kilo: 56.7, 61.2, 65.8, 70.3, 77.1, 83.9, 93, na wa juu unaoishia 120.2. Namba zina pointi kwa sababu zilipangwa kwa ratili za Kimarekani. Pambano lisilo la ubingwa mara nyingi wanakusamehe ratili moja, yaani karibu nusu kilo. Unapimwa siku moja kabla. Kwa hiyo kila mtu anakauka, yaani anatoa maji mwilini, ili apime mdogo, kisha anakunywa na kula apande akiwa mkubwa. Nawe usipokauka hata kidogo utakutana na mtu aliyekuzidi kilo saba. Huo ndio mchezo wenyewe, siwezi kukudanganya.

Pambano langu la pili lilikuwa la 65.8. Jumatatu nilikuwa 70. Jumatano nikaacha kunywa maji. Alhamisi alfajiri nikapanda basi la Nairobi, Moshi, Arusha, Namanga, usiku ndio tunaingia. Ukikaa kwenye kiti siku nzima, maji yanashuka miguuni na kugoma kutoka. Nilivua viatu nikaona alama za soksi zimezama kama zimechorwa. Gesti haikuwa na maji ya moto. Nikavaa koti la mvua, nikawa napanda na kushuka ngazi saa saba usiku, natafuna jojo na kutemea mate kwenye chupa ya soda ili kila gramu itoke. Mhudumu wa mapokezi alinitazama, akarudi kwenye tamthilia yake.

Asubuhi mizani ikasema 66.9. Wakanipa saa moja. Nikaruka kamba, nikavua nguo zote, wakanizungushia taulo, 66.2. Watu wakashangilia. Kesho yake raundi ya kwanza nikashinda, ya pili niliona ngumi zinakuja na mikono haikunyanyuka. Refa akasimamisha. Niliporudi Dar nilikojoa rangi ya chai siku mbili.

Mimi nilibahatika. Desemba 2015, mjini Manila, Mchina Yang Jian Bing, mwenye umri wa miaka 21, alifariki akiwa anakauka kwa ajili ya pambano la ONE Championship, shirika la mapigano la Asia. Baada ya kifo chake ONE wakabadilisha utaratibu, wakaanza kupima na maji mwilini, si kilo peke yake.

Kwa hiyo utaratibu wangu sasa ni huu. Anayepigana 65.8, wiki mbili kabla asizidi 69 na nusu. Akizidi, hilo pambano si lake, tutafute la 70.3. Kilo mbili za kwanza zinatoka kwenye sahani: chumvi inapungua, ugali na wali vinapungua, soda na mandazi vinakufa kabisa, nyama, mayai, samaki na mboga vinabaki. Maji anakunywa mpaka siku moja kabla ya kupima. Kilo mbili za mwisho ni jasho, kwa vipindi vifupi, na mtu amekaa pembeni. Asiwe peke yake hata dakika moja. Akiona kizunguzungu, akiacha kutoa jasho, au akianza kujibu ambacho hakuulizwa, anakunywa maji palepale na pambano limekufa. Nimeshaua pambano moja hivyo, sijutii.

Vidonge vya kukojoza, vile wanavyopewa wazee wa presha, usiguse. Ni dawa zilizopigwa marufuku michezoni na ndizo zinazosimamisha moyo wa mtu aliyekauka. Drip baada ya kupima nazo zimekatazwa na kanuni za kupinga dawa michezoni isipokuwa kwa matibabu ya kweli ya hospitali.

Mizani yenyewe usiiamini ukiwa mbali. Ile ya yule kijana wa mtaani anayepima watu kwa shilingi, na ile ya duka la dawa, nimewahi kuzipanda dakika kumi zikatofautiana gramu 800. Nunua yako, na ukifika kwenye mji wa pambano omba kupanda mizani rasmi siku hiyohiyo ya kufika.

Ukishapimwa, ORS. Pakiti za kawaida za duka la dawa, lita moja moja, kwa mafunda. Baada ya saa moja uji, halafu ndizi, halafu wali mweupe na kuku wa kuchemsha. Nilimwona bondia mmoja akitoka kwenye mizani akaenda moja kwa moja kwenye chipsi mayai na soda mbili za baridi. Alikesha chooni.

Karatasi na hela

Kuwa na faili moja, la plastiki, lisiloingia maji. Ndani: pasipoti (ya Tanzania ni 150,000, ifanye kabla hujapata pambano), kadi ya chanjo ya homa ya manjano, vipimo vya VVU na homa ya ini B na C, kipimo cha macho, cha moyo, na cha kichwa kama wanakitaka. Vipimo vya damu vina muda wake, mwandaaji atakuambia ni miezi mingapi. Nimeona kijana kavuka mpaka, kapima uzito vizuri, akazuiwa kwa sababu kipimo kilipitwa na wiki mbili. Aliyepigana badala yake alikuwa amekaa kwenye viti vya watazamaji.

Kwenye mkataba, macho yaende kwenye mambo haya kabla ya kiasi cha fedha: uzito na tarehe, ni mapambano mangapi unajifunga na kwa muda gani, unaruhusiwa kupigana kwingine au la, ukiumia nani analipa hospitali, tiketi ni yako peke yako au na mtu wa kona (anayekuhudumia kati ya raundi), na ukizidi uzito unakatwa asilimia ngapi (20 hadi 30 ndiyo kawaida). Mimi nilisaini mapambano manne ya miaka miwili bila kuona kwamba siruhusiwi kwingine. Walinipa moja. Miezi kumi na sita nilikaa nabeba mizigo Kariakoo nikiwa "mpiganaji wa kimataifa". Nilipopigana tena nilikuwa na kutu, nikapoteza. Kipigo cha tatu hicho.

Fedha huwa zinatajwa mbili: ya kupigana na ya kushinda. Ukisikia "400 na 400" maana yake ukipoteza ni 400. Nilishinda pambano kama hilo, dola 800 mkononi. Kocha asilimia 10, dola 80. Wakala 20, dola 160. Vipimo 110. Nauli na malazi ya mtu wa kona, 140, maana mkataba ulimlipia mmoja tu, mimi. Nikarudi na dola 310 kwa wiki nane za kazi. Hesabu mwenyewe ni ngapi kwa wiki. Hata kwa waliofika UFC, kampuni kubwa kuliko zote ya MMA, malipo ya kuanzia yaliyozoeleka kuripotiwa ni kama dola 12,000 na 12,000, na mgeni anayepigana Marekani anaweza kukatwa kodi asilimia 30 kabla hajaishika. Wapiganaji wa zamani wa UFC waliishitaki kampuni kuhusu malipo tangu 2014, na kesi ikaishia kwa makubaliano ya dola milioni 375 yaliyoidhinishwa 2025. Hao ni wa juu kabisa. Usiache kazi yako ya mchana.

Kwa mapambano ya hapa nyumbani nina kanuni moja: nusu kabla ya kupanda mizani, nusu kabla ya kutoka ukumbini. Kuna mwandaaji aliniahidi 600,000, akanipa 200,000 na "njoo Jumatatu". Jumatatu ofisi imefungwa, jirani anasema walihama Jumamosi.

Kichwa

Kipigo cha nne ndicho ninachokionea aibu. Nilidondoshwa mazoezini Jumanne, nikawa naona mwanga wa taa una pete. Jumamosi ya pili yake nikapigana. Ngumi ya kawaida kabisa, ambayo siku zote nilikuwa naila na kucheka, ikanizima. Kamisheni za nje, vyombo vinavyosimamia mapambano, humsimamisha aliyezimwa kwa siku 30 hadi 90. Kwetu hakuna anayekuhesabia, kwa hiyo hesabu mwenyewe: kwangu ni miezi mitatu bila kupigwa kichwani, hata kwa glavu kubwa, hata "kidogo tu kocha".

Mlango wa kwenda juu

Njia zipo kuliko zamani zangu. Dricus du Plessis wa Afrika Kusini alikuwa bingwa wa EFC, shirika la kwao lililoanza 2009, akaingia UFC mwaka 2020, Januari 2024 akauchukua mkanda wa kilo 83.9. PFL, kampuni nyingine ya MMA ya Marekani, nao wakafungua ligi ya Afrika mwaka 2025, na mojawapo ya usiku wake ulifanyika Kigali. Kigali! Huko unaenda kwa basi. Wanaotafuta watu wanataka rekodi safi, video zisizokatwakatwa za pambano zima, na mtu anayejibu barua pepe kwa wakati. Video ya kupiga pedi kwa muziki hawaiangalii.

Turudi kwa dogo. Asubuhi tulikaa kwenye benchi nje ya gym, nikamwandikia jibu kwa simu yake mwenyewe, yeye akiangalia: anashukuru, kwa siku kumi na kilo 61 hawezi, yuko tayari kwa 65.8 kuanzia wiki nane zijazo, na anaomba mpinzani asiyezidi mapambano matatu, tiketi mbili, na mkataba utumwe kabla ya kukubali. Jibu likaja baada ya dakika nne. "Sawa, tutakutafuta."

Ni siku ya sita leo na hawajatafuta. Dogo amekuja mazoezini, hakunisalimia, kafunga bandeji zake mwenyewe, kaenda kujilaza kwenye mkeka akasubiri mtu wa kumpanda mgongoni. Asubuhi kabla ya uji mizani yake ilisoma 70.6.